Mwaka wa Ukame Si Lazima Uwe Mwaka wa Joto: Kusoma Rejista za Zamani za Nyanza

Ripoti ya zamani ya wilaya ikisema mvua ilikataa na mtama ukakauka, wengi huandika pembeni "mwaka wa joto". Hapo ndipo kazi ya kutafuta joto la miaka ya zamani katika maandishi na rejista za vituo vya hali ya hewa huanza kuharibika. Huku kwetu kando ya ziwa, msimu usio na mawingu huleta mchana mkali, lakini mara nyingi pia usiku wa baridi, kwa kuwa ardhi hupoteza joto bila kifuniko. Ukichukua wastani, viwili hivyo hufutana kwa kiasi fulani. Maandishi ya maafisa wa koloni, au ya misheni kama Kaimosi (1902) na Maseno (1906), ni shahidi wa mvua kwanza. Kuhusu joto, yaulize kiwango cha juu cha mchana tu, na hata hapo kwa tahadhari.

Jalidi, yaani umande ulioganda, ni habari nyingine: hiyo inakaribia kuwa kipimo. Ila nyasi, usiku mtulivu, huwa baridi kuliko hewa ya kwenye kibanda cha vipimajoto kwa nyuzi 3 hadi 5 hivi za Selsiasi. Kwa hiyo "jalidi imechoma viazi Molo" haimaanishi kibanda kilisoma sifuri. Chukua jalidi ya Januari 2012 iliyounguza majani ya chai Kericho na Nandi, tazama kituo cha karibu kilisoma ngapi alfajiri zile, kisha utumie nambari hiyo kupimia maneno ya kale.

Tukija kwenye vyombo: reli ilifika Kisumu, wakati huo Port Florence, Desemba 1901, na rejista za enzi hizo ni za Farenhaiti. Nakili nambari kama ilivyoandikwa, ugeuze baadaye katika safu tofauti (toa 32, zidisha kwa 5, gawanya kwa 9). Ukigeuza huku unanakili, kosa la mwandiko, 3 iliyosomwa 8, halitaonekana tena. Watu wawili wanakili ukurasa mmoja bila kutazamana, kisha linganisha. Ukikuta 140 kwenye safu ya kiwango cha juu, usishtuke wala usiifute: hicho huenda ni kipimajoto cheusi kilichoanikwa juani. Joto la kivulini Kisumu mchana ni kama 85 za Farenhaiti, yaani 29.4 za Selsiasi.

Kipimajoto cha kiwango cha chini ndicho msumbufu. Ndani yake mna spiriti, na spiriti huvukizwa ikawa matone yanayonata juu ya mrija, hivyo chombo husoma chini kuliko hali halisi. Dalili yake iko kwenye rejista yenyewe: kikisharudishwa asubuhi tayari kwa siku mpya, ncha ya spiriti inapaswa kulingana na kipimajoto cha kawaida kilicho kando yake. Tofauti ikiongezeka mwezi baada ya mwezi kisha ikatoweka ghafla, chombo kilibadilishwa au kilitikiswa spiriti ikashuka. Sahihisha kipindi hicho tu.

Angalia pia tarehe. Kiwango cha juu kinachosomwa saa tatu asubuhi ni cha jana yake. Makarani wengine walikiandika kwenye siku ya jana, wengine kwenye siku ya kusoma. Mvua nayo ilisomwa saa hiyo hiyo, kwa hiyo haisaidii kuamua. Soma safu ya maelezo: "mawingu na mvua mchana kutwa" inapaswa kukaa na siku yenye mchana wa baridi.

Kibanda nacho kina lake. Kabla ya masanduku meupe ya Stevenson, yaani vibanda vya vipimajoto vya siku hizi, kuenea, vituo vingi vya tropiki viliweka vyombo chini ya banda la makuti au nyasi. Paa hilo huzuia joto kupotea angani usiku, na kiwango cha chini hupanda. Kituo kilipohamia kwenye sanduku, usiku "ulipoa" kwenye karatasi tu.

Ili kuona miruko ya namna hii, toa wastani wa kila mwezi wa kituo jirani, tuseme Kakamega, kutoka wa Kisumu, uchore tofauti hiyo mwaka kwa mwaka. Fanya mchana na usiku kando. Ukichanganya, mruko wa nyuzi 0.6 usiku utabaki 0.3 na kupotea kwenye kelele, yaani mabadiliko ya kawaida ya mwaka hadi mwaka. Ongezeko lenyewe la joto linalotafutwa ni kama nyuzi 1 katika zaidi ya nusu karne, kwa hiyo 0.3 si ndogo. Kama mruko hauna sababu iliyoandikwa, kama kuhama, chombo kipya au karani mpya, na jirani wa pili hauthibitishi, acha nambari kama zilivyo na uweke alama.