Siku moja maishani mwangu: mwandishi wa matangazo na meseji ya herufi 147

Watu wakisikia "mwandishi wa matangazo" hudhani ni mtu anayekaa akingoja kaulimbiu imshukie. Kwa siku kama ya leo, kuandika kwenyewe huchukua muda wa saa tatu hivi. Muda uliobaki ni wa kuuliza, kuhesabu na kulinda maandishi yasiharibikie njiani.

Saa 2:00 asubuhi. Barua pepe, kalenda, kuzipa faili za jana tarehe na namba ya toleo. Robo saa, basi.

Saa 2:15. Brifu, yaani maelekezo ya kazi, kutoka kwa wakala wa matangazo: kampeni ya king'amuzi. Wanataka meseji moja ya simu, tangazo la redio la sekunde 30 na matangazo ya Google. Brifu ina kurasa 9 lakini maswali yangu manne hayamo. Tunaongea na nani hasa? Tunataka afanye nini? Kwa nini atuamini? Na nani mwenye neno la mwisho? Ninauliza kwa maandishi, maana jibu la simu halina ushahidi wiki ijayo. Swali la kwanza peke yake hugeuza kazi yote: aliyeacha kulipia anatafuta sababu ya kurudi, anayelipia kwa kuchelewa anahitaji sababu ya kuwahi. Jibu linakuja: ni hao wanaochelewa. Nusu ya malipo ilishaingia jana, kwa hiyo naanza. Bila hiyo nusu siandiki hata mstari mmoja, na ninamshauri kila anayejitegemea ashike utaratibu huo.

Saa 3:30, redio. Sekunde 30 si 30 kweli. "Vigezo na masharti" yanakula nne au tano, jina la kampuni linataka pumzi yake, kwa hiyo ninaandikia 23. Nasoma kwa sauti, saa ya kuhesabia sekunde ikiwa mkononi, kwa mwendo wa mtangazaji. Kosa la kawaida ni tarakimu: "30" kwenye karatasi ni herufi mbili, mdomoni ni "thelathini". Ndiyo maana namba zote kwenye skripti ya redio naziandika kwa maneno.

Saa 5:00, Google. Vichwa vya tangazo hadi 15 vya herufi 30, maelezo hadi manne ya herufi 90. Mfumo unavichanganya wenyewe, hivyo kila kichwa lazima kisimame peke yake bila kutegemea kilichotangulia. "King'amuzi" tayari limekula herufi 10.

Saa 6:30 mchana, meseji. Baada ya rasimu 11 imebaki hii:

Ndugu mteja, lipia king'amuzi chako kabla ya tarehe 30 upate siku 7 za kuangalia chaneli zote bila malipo ya ziada. Vigezo na masharti kuzingatiwa.

Herufi 147 pamoja na nafasi. Kikomo cha meseji moja ni 160. Natuma kila kitu.

Saa 8 na dakika zake yanaanza maoni, na hapa ndipo mchana wote unapokwenda. Meneja wa akaunti, yule wa wakala anayemshughulikia mteja, anataka "ichangamke kidogo". Mkuu wa ubunifu anataka ifupishwe. Mtu wa masoko upande wa mteja anataka iongezwe namba ya huduma kwa wateja na neno BURE kwa herufi kubwa. Mwanasheria anataka BURE litoke. Barua pepe nne, zote zimeandikwa "haraka".

Ukianza kurekebisha barua moja moja umekwisha: utamridhisha wa kwanza kwa kumvunja wa pili. Ninafungua hati moja na kuyagawa maoni mafungu matatu: makosa ya ukweli, mambo ya sheria, na ladha. La ukweli na la sheria linatekelezwa bila mabishano. Mwanasheria yuko sahihi kabisa: mteja analipia kwanza ndipo apate zile siku 7, kwa hiyo "bure" ni kumdanganya, na mimi sitaki kumdanganya mtu aliye sebuleni kwake. La ladha linarudi kwa mwenye neno la mwisho, pamoja na swali: sentensi ipi haijachangamka, na msomaji aelewe nini zaidi? Mara nyingi swali hilo huliua ombi lenyewe.

Makubaliano yangu yana raundi mbili za masahihisho. Raundi huanza maoni yote yakishakusanywa na wakala mahali pamoja, si kila barua inapoingia. Na brifu ikibadilika, hiyo ni kazi mpya yenye bei yake. Leo imebadilika kweli: siku 7 zimekuwa 5. Ni tarakimu moja tu, lakini inagusa meseji, redio na vichwa sita vya Google, na redio inabidi ipimwe upya kwa sababu "saba" na "tano" vinakaa tofauti kwenye mdundo. Natuma bei ya nyongeza kabla ya kugusa chochote. Wanakubali baada ya simu tatu. Macho yamechoka.

Giza limeingia. Kabla meseji haijatumwa huomba picha ya skrini ya mfumo wa kutuma meseji, kila kazi, hata wakiniona msumbufu. Kaunta ya mfumo inaonyesha zitalipiwa meseji 3 badala ya 1. Maneno ni yaleyale, herufi 147 zilezile. Nakuza picha, naiona: kwenye king'amuzi, alama ' imekuwa ’. Mtu amepitisha maandishi kwenye programu ya hati, nayo imeipinda yenyewe. Alama hiyo iliyopinda haimo kwenye seti ya kawaida ya herufi za meseji, hivyo meseji nzima inahamia Unicode, seti pana ya herufi za lugha zote, na kikomo kinashuka toka 160 hadi 70, au 67 kwa kila kipande meseji ndefu ikikatwa na kuunganishwa. Kwa wateja 100,000 unalipia meseji 300,000. Kiswahili chetu kimejaa ng', basi mtego huu ni wetu hasa. Hata kistari kirefu hufanya vilevile. Dawa yake ni kuzima alama za kujipinda, au kupitisha maandishi kwenye programu ya maandishi matupu, kisha kuandika upya ile ' moja kwa mkono ndani ya mfumo. Nawaelekeza kwa simu. Kaunta: 1.

Mwisho ni ankara: namba ya LPO (hati ya oda ya mnunuzi) juu kabisa, maana ikikosekana wahasibu huirudisha na siku 30 za kusubiri malipo zinaanza kuhesabiwa upya. Nyongeza ina mstari wake. Tarehe ya kulipa naandika siku kamili, si "mteja akitulipa". Haki za maandishi zinahamia kwao malipo ya mwisho yakishaingia, na sentensi hiyo ipo chini, juu ya sahihi. Saa 2 kasoro usiku, imetumwa.