Ua la buluu nililogawiwa na jirani hapa Uskoti

Pauni 12 kwa mche mmoja wa ua hili ndani ya kikopo cha plastiki! Pigeni hesabu kwa shilingi, halafu mniambie nani Lushoto angethubutu kutaja bei hiyo sokoni. Niliuacha palepale kitaluni, nikarudi nimenuna, nikamsimulia mama jirani. Tangu tuhamie hapa Perthshire, mazungumzo yetu yalikuwa mvua na upepo tu. Kesho yake alichimbua kichaka chake, akakipasua kwa mikono miwili, udongo ukimdondoka viatuni, akanikabidhi nusu. Hakutaka hata senti.

Ua lenyewe ni popi ya buluu ya Himalaya, kitaalamu Meconopsis. Frank Kingdon-Ward, Mwingereza mkusanyaji wa mimea, ndiye aliyeleta mbegu zake Uingereza kutoka Tibet, alikozikusanya mwaka 1924. Buluu yake ni ya anga la kwetu mvua ikishakatika, katikati kuna nyuzi za manjano, na majani yana vinyweleo vinavyoshika umande.

Wenzetu wa London linawashinda, joto la kiangazi hulimaliza. Lenyewe linataka baridi, manyunyu, kivuli cha nusu siku na udongo wenye asidi, yaani yaleyale mnayotuonea huruma sisi wa huku juu! Mimi mtu wa Lushoto baridi naijua, na bustani hii naionea fahari. Changanya mboji ya majani yaliyooza, na maji yasituame, maana mizizi itaoza. Majira ya baridi hunyauka lote hadi chini. Usiling'oe, masika yakianza huchipua tena. Hapo ndipo pa kupambana na koa, wanapenda mno machipukizi laini.

Wadogo zangu mnaotaka kuja, msidanganywe na picha za mtandaoni. Kodi ya nyumba na bili ya kupasha joto ndizo zitakazowapokea, na upweke nyuma yake. Unaweza kuumwa wiki nzima asibishe hodi mtu. Ila ukipata nyumba yenye kipande cha ardhi, ichukue hata kama kituo cha basi kiko mbali. Watu wanaokupita kimya barabarani husimama wakikukuta umeinama unapanda, na wengine huondoka wameahidi mbegu.

Langu limechanua Mei hii. Dada mmoja wa Mombasa aliyeko Dundee ameshaomba kipande, nitamgawia maua yakiisha.