Gramu 24 Zilizozaa Mbili

Leo jioni nimefungua mrija wa tanuri na kukuta unga mweupe ambao, baada ya majuma matatu ya kuharibu, ninaweza kuuita boroni naitraidi, yaani kauri ya boroni na naitrojeni, bila aibu. Shughuli hii ilianzia Kibuye, hapa Kisumu, pale fundi mmoja anayesubu sufuria za alumini chakavu aliponiuliza, "Mwalimu, kwani hakuna dawa ya kupaka upawa ili alumini isiugande?" Dawa ipo: alumini iliyoyeyuka, ambayo huwa na joto la zaidi ya nyuzi 660, huteleza juu ya boroni naitraidi kama maji juu ya jani la nduma.

Malighafi si za ajabu. Asidi ya boriki ndiyo ile tunayowategea mende, na urea kila mkulima wa mahindi anaijua. Urea huyeyuka kwa nyuzi 133, kisha huachia amonia inayoipatia boroni naitrojeni, huku maji na hewa ya kaboni vikitoka. Mara ya kwanza niliharakisha moto; mchanganyiko ukafura kama uji uliosahauliwa jikoni, ukamwagika nje ya chombo na kugandia mrijani, na nilipouvunja ndani ulikuwa wa kijivu kwa kaboni iliyokosa njia ya kutokea. Nililaumu tanuri, ingawa kosa lilikuwa langu.

Safari hii niliyeyusha gramu 6 za asidi na 18 za urea katika maji ya moto, nikakausha usiku kucha, nikasaga, kisha nikapandisha joto nyuzi 2 kwa dakika hadi 900, amonia ikipita muda wote. (Umeme haukukatika, jambo linalostahili kuandikwa.) Baada ya kuosha kwa maji ya moto ili kuondoa oksidi ya boroni iliyobaki, mizani ilisoma gramu 1.9, na hata kama hakuna kitu kingepotea nisingepata zaidi ya 2.4.

Hapo ndipo ninapoionea wivu borazini, kimiminika cha boroni, naitrojeni na haidrojeni walichokitengeneza wanakemia Stock na Pohland mwaka 1926: yenyewe hupoteza haidrojeni tu, na zaidi ya tisa ya kumi ya uzito wake inaweza kubaki kuwa kauri hii hii. Lakini haivumilii unyevu, nasi tuko kando ya ziwa.

Unga wangu haujakomaa, kwa kuwa tabaka zake zingehitaji zaidi ya nyuzi 1500 ili zijipange vyema, na tanuri letu halifiki huko. Unatosha upawa mmoja. Nimemsihi fundi aukaushe kabisa motoni baada ya kuupaka, maana maji kidogo yakizama ndani ya alumini iliyoyeyuka hulipuka.