Kulala Garini na Mtoto Mchanga Katika Baridi ya Julai

Tuliondoka Nakuru mwezi wa Julai, majira ambayo wenyeji wa nyanda za juu huyahofia kwa baridi na ukungu, tukiwa na binti yetu wa miezi mitano ndani ya matatu kuukuu ambayo mume wangu aliing'oa viti na kuitia kitanda cha mbao, kabati na meko ya gesi. Mama mkwe alinikabidhi leso mbili na kuniambia, "Mwanangu, Londiani si Mombasa, mtoto asilale miguu wazi."

Miguu haikutupa shida. Mtoto alivaa nguo nyepesi kadhaa, moja juu ya nyingine, na kulala katika mfuko ulioshonwa na fundi, kwa kuwa blanketi zito huweza kumfunika uso. Nami nilimpima joto kwa kumgusa kisogo, maana viganja vya mtoto hupoa upesi hata akiwa na joto la kutosha.

Kilichotusumbua Londiani ni unyevu. Pumzi za watu watatu usiku kucha, pamoja na mvuke wa chai, ziligusa bati na vioo vilivyopoa zikageuka matone, hata kufikia alfajiri ubavu wa godoro ulikuwa umelowa na nepi tulizoanika ndani hazikuonyesha dalili yoyote ya kukauka. Dawa yake inaudhi: ni kufungua dirisha kidogo kila upande, katika baridi ile ile, ili hewa ya nje, ambayo hubeba mvuke mchache kuliko ya ndani, ipite na kuuondoa. Meko nayo tuliizima na kufunga mtungi kabla ya kulala. Ama jiko la makaa, ambalo kila jirani mwema alitaka kutuazima, halikuingia garini hata likiwa limebaki majivu ya moto, kwa sababu makaa hutoa kaboni monoksidi, gesi ya sumu isiyo na rangi wala harufu.

Kericho tulipita haraka. Mvua ya alasiri haikutuacha tushuke kutazama majani chai. Kutoka hapo barabara huteremka hadi uwanda wa Kano, na katika mteremko huo mtoto alilia kilio ambacho sikukizoea. Hewa huwa nzito kadiri unavyoshuka, masikio yakaziba, na kumeza ndiko huyazibua. Basi tulisimama mara kwa mara, nikamtoa kwenye kiti chake na kumnyonyesha kando ya barabara. Safari hiyo fupi ilitumaliza mchana mzima, na sioni namna ya kuifupisha.

Kisumu, iliyo takriban mita 1,130 juu ya usawa wa bahari, ilitupokea kwa joto na mbu. Madirisha bado lazima yafunguliwe, kwa hiyo tumempa fundi wa soko la Kibuye vipimo atushonee neti za kuyaziba kabla hatujaelekea Kakamega.