Nilivyochagua difloku ya nyuma ya pikapu yangu ya kazi

Difloku ni kifaa cha kufunga difu, ule mfumo wa gia kati ya tairi mbili za ekseli, ndio zizunguke pamoja. Kazi yangu ni kufunga pampu za sola kwa visima. Karakana iko Industrial Area hapa Nairobi lakini wateja wengi wako Kajiado, kuanzia Kitengela na Isinya hadi ndani ndani huko ambako ukitoka lami ni njia ya ng'ombe tu. Gari ni Land Cruiser pikapu, HZJ79, injini 1HZ ya lita 4.2 isiyo na tabo, fowili, nyuma ina springi za majani. Nikienda saiti nabeba mapaipu, paneli, pampu, simiti na vijana wawili, nikirudi jioni kerieri iko tupu kabisa. Hiyo ya kwenda na mzigo na kurudi mtupu shikeni, nitairudia ju ndio iliamua kila kitu.

Masika ilinikuta upande wa Isinya kwenye udongo mweusi, ule wa kukwama na kunata. Kuna mama tulikua tumemwahidi maji siku hiyo, pampu yake ya zamani ilikua imeungua na ng'ombe walikua wanatembezwa mbali kunywa. Zilibaki kama mita 400 hivi kufika kwake nikazama. Nikaweka fowili, nikaweka gia ya lo, ile ya nguvu nyingi na mwendo mdogo, nikakanyaga pole pole. Nikashuka nikamwambia kijana akanyage mafuta kidogo nione kwa macho yangu. Nyuma, tairi ya kulia inazunguka mbio inarusha matope hadi kwa paneli, ya kushoto imetulia tuli, ata haijaribu. Mbele hivyo hivyo, moja inazunguka moja imelala. Gari ya fowili na kazi inafanywa na tairi mbili tu, na hizo mbili ndio ziko mahali pabaya zaidi.

Tulitolewa na trakta saa kumi na mbili jioni. Mama hakunigombeza, aliniambia tu, "Kijana wangu, basi kesho mje mapema," na hiyo iliniuma kuliko angenigombeza.

Kuanzia hapo nikaanza kusoma na kuuliza mafundi. Nitaeleza venye nilielewa, ju watu wengi wananunua kabla hawajajua shida iko wapi. Difu ya kawaida inagawa nguvu sawa kwa shafti mbili za nyuma. Sawa kabisa, na hapo ndipo shida inaanzia. Tairi iliyo kwa utelezi haihitaji nguvu yoyote kuzunguka, kwa hivyo injini haina kitu cha kusukumana nacho, na ile tairi ingine yenye iko kwa udongo mgumu inapewa kiasi kile kile kidogo, haitoshi kusukuma gari. Difloku inafunga hizo shafti mbili zizunguke kama chuma moja. Sasa ile tairi yenye mshiko inaweza kubeba kazi yote.

Kitu ya kwanza fundi aliniambia nifanye ni kuangalia kama tayari ninayo. Hizi Land Cruiser zingine zilitoka kiwandani na difloku ya umeme, zingine na LSD, difu ya kupunguza utelezi bila kufunga kabisa, na ukinunua mkononi mwa mtu unaweza kuambiwa chochote. Tulipiga jeki nyuma yote juu, stendi chini, gari nyutro, tukazuia za mbele. Nikazungusha tairi moja kwa mkono. Ya pili ikazunguka kinyume. Basi, hiyo ni difu ya kawaida. Kama ingekua LSD nzima ingefuata upande ule ule ama ikatae kuzunguka. Alafu kuna kile kibati cha gari chenye kimeandikwa Axle, hizo herufi na namba ukimpa mtu wa spea anayejua kazi anakuambia difu gani iko nyuma na reshio gani, yaani uwiano wa meno ya gia zake. Msinunue kitu kabla ya hapo.

Sasa kuchagua. Niliiweka LSD kando mapema. Inatumia pleti za msuguano, inasaidia kwa changarawe na lami yenye mvua, lakini tairi ikining'inia hewani kabisa haikupi kitu kikubwa, na pleti zinaisha, na inataka oili yenye dawa yake. Pia nilionyeshwa zile ndogo zinazoingia mahali pa spaida, zile gia ndogo za katikati, ndani ya nyumba ile ile ya difu, bei yake ni nzuri kweli, lakini gari yangu inabeba mzigo mzito karibu kila siku na sikutaka kuweka nguvu hiyo yote kwa kitu cha kubana ndani ya nyumba ya zamani. Labda kwa gari ndogo ya wikendi.

Ile iliyonishika moyo ni ya otomatiki, aina ya Detroit Locker. Haina waya, haina paipu, haina swichi, inakaa imefunga na ukikata kona inaachilia tairi ya nje izunguke haraka. Chuma tupu. Kwa mtu anayeenda mbali na mafundi hiyo ni raha, na nilikua karibu kulipa. Kilichonizuia ni jamaa mmoja wa kuchimba visima mwenye anayo kwa pikapu kama yangu, akaniambia nisinunue kabla ya kuendesha yake. Tukatoka Mombasa Road jioni, mvua inanyesha, kerieri tupu. Kwa raundi abauti ikalia "ta! ta!" nyuma, hiyo ni kawaida yake. Lakini nikakanyaga mafuta kidogo nikitoka kona, ikajifunga, na mkia wote ukasukumwa kando. Sio sana, kama hatua moja, lakini kando yangu kulikua na mtu wa boda na abiria wake. Pikapu tupu haina uzito nyuma, tairi zote mbili zikisukuma pamoja kwa lami iliyolowa zinaweza kuteleza pamoja. Yeye ameizoea na anakaa porini wiki nzima. Mimi kila jioni narudi mjini mtupu, na wakati mwingine ni kijana wangu anaendesha sio mimi. Nikajua nataka yenye inafunguka kabisa nikitaka, iwe difu ya kawaida nikiwa barabarani.

Hapo zinabaki mbili, ya umeme na ya hewa. Ya umeme, kama Eaton ELocker, inatumia sumaku, unabonyeza swichi inafunga, ukikata umeme inaachilia. Hakuna kompresa, hakuna paipu. Ile ya Toyota ya kiwandani pia ni ya umeme lakini inatumia mota ndogo nje ya difu, na hapa nimeona mafundi wakilalamika: isipotumika muda mrefu maji yanaingia, mota inashika kutu, siku ya shida taa inawaka waka kwa dashibodi na hakuna kitu. Kwa hivyo ukinunua gari nayo, iwashe mara kwa mara kwa mchanga ama nyasi iendelee kutembea.

Ya hewa, mimi nilichukua ya ARB ya Australia, inahitaji kompresa yake, hewa inasukuma pistoni ndani ya difu na gia zinajifunga. Watu wanaiogopa ju ya hewa kuvuja, na ni kweli inaweza kuvuja, ila kompresa yangu ile ile inajaza tairi. Kwa udongo mweusi nashusha upepo ndio tairi itandaze mguu, na kabla ya kurudi lami lazima nijaze tena. Zamani nilikua natembea na pampu ya kuunganisha kwa betri inayochukua karibu nusu saa. Sasa vitu viwili vinatumia kifaa kimoja. Pia mafundi wa Nairobi wameizoea, sili na paipu zake sio za kutafutwa miezi. Ilikua ghali, difloku na kompresa pamoja zilizidi laki mbili kabla ya kazi ya fundi, na nililipa kwa awamu.

Kabla ya hapo kuna duka moja lilitaka kuniuzia yenye "inaingia Land Cruiser zote". Hakuna kitu kama hicho. Meno ya shafti lazima yalingane, kuna difu hizi zenye shafti ya meno 30 na zingine 32, na kwa macho zinafanana. Tuliichomoa hafu shafti moja tukaipangusa, fundi akahesabu, alafu mimi nikahesabu nikiweka alama ya chaki kwa jino la kwanza. Zangu 30. Ningechukua ile ya dukani ingekua hasara tupu.

Kufunga, msiharakishe fundi. Ilichukua siku mbili na nilikaa hapo hapo. Krauni, ile gia kubwa ya duara, inahamishwa kwa nyumba mpya, beringi mpya, alafu inapangwa na pinioni, gia ndogo inayoizungusha. Akaweka saa ya kupimia, ile yenye sindano, akacheza krauni kwa vidole, tukawa tunatafuta mchezo, yaani nafasi kati ya meno, wa milimita 0.15 hadi 0.20. Mara ya kwanza ilikua kubwa. Akafungua, akasogeza, akapima sehemu tatu za krauni sio moja. Alafu akapaka rangi ya njano kwa meno akazungusha tuone gia zinagusana wapi. Alama ilikaa katikati ya jino. Mzee huyo aliniambia, "Bosi, ukisikia fundi anapanga difu kwa masikio, chukua gari yako uende." Difu ikipangwa vibaya inalia kama nyuki wako ndani, na kabla ya mwaka imekula meno.

Paipu ya hewa ni nyembamba, plastiki, na ndio kitu nilisimamia zaidi. Isipite karibu na egzosti. Iachiwe urefu wa kutosha pale inatoka kwa chesi kwenda kwa difu, ju ekseli inapanda na kushuka na mzigo, ukiifunga imekaza itakatika. Tuliipitisha ndani ya mpira wa kinga na kuifunga juu ya paipu ya breki bila kuibana. Ukiona oili inatokea kwa valvu ya kompresa ujue sili ndani ya difu inavuja, usingoje.

Mtu ataniuliza kwa nini nyuma na sio mbele. Nikiwa na mzigo, na nikipanda, uzito uko nyuma, kwa hivyo tairi za nyuma ndio zina cha kushika. Mbele ukifunga stelingi inakua nzito sana na jointi za mbele zinaumia.

Kuitumia nilijifunza na mzigo nusu, shamba la rafiki. Unaifunga kabla ya kuingia matope, gari ikiwa imesimama ama inatambaa, sio tairi tayari inazunguka mbio. Ukitoka unafungua. Kwa lami kavu usiiwashe, shafti zitaumia. Na kwa mteremko wa kando muwe makini, tairi zote mbili za nyuma zikiteleza pamoja mkia unashuka bondeni, wakati difu ya kawaida ingebakisha tairi moja ikishikilia. Mahali kama hapo mimi naizima, ata kama nitakwama. Na tairi zikijaa udongo hadi zimekua laini kama mkate, ama difu imekalia matope, hakuna difloku itakutoa. Chukua koleo.

Vuli tulirudi kwa yule mama kubadilisha swichi ya tangi. Udongo ule ule, maji yamesimama kwa njia. Nikasimama kabla ya pale tulizama, nikashusha upepo hadi psi 18, nikaweka lo, nikabonyeza swichi, kompresa ikanguruma kidogo ikanyamaza. Gia ya pili, mguu umetulia. Katikati nikasikia nyuma imelemaa kidogo, alafu tairi zote mbili zikauma pamoja na gari ikatembea, pole pole, bila kusimama. Kijana wangu alikua ametoa kichwa dirishani anaangalia nyuma, akasema tu, "Zote zinazunguka!"

Mama alikua ametuona tangu mbali. Tulifika saa nne asubuhi, chai ilikua kwa moto, na kazi ya swichi ikaisha kabla haijapoa.