Jina kwenye ndoo

Jumapili, saa nne usiku

Nyumba imepoa. Kijana ameshafika bweni, nami bado nina wino wa maka peni kwenye kidole gumba. Orodha ya shule ilitaka kila kitu kiandikwe jina: ndoo, godoro, shuka, sahani, hadi kandambili. Juzi nilikaa sakafuni nikaandika mpaka kiganja kikauma. Kwenye soksi wino ulitapakaa, herufi zikavimba, jina likawa doa tu. Akacheka. "Mama, hili hata mwizi hawezi kulisoma."

Ana miaka 14. Ndipo nikamkumbuka Dhuoda.

Huyu mama nilikutana naye chuoni, kwenye historia ya Ulaya, na hajaniacha tangu hapo. Aliishi karne ya 9, katika ufalme wa Wafranki ambao Ufaransa ilikuja kutoka ndani yake. Tarehe 29 Juni 824 aliolewa na Bernard wa Septimania kwenye kasri la kifalme la Aachen. Ndoa ya wakubwa. Baadaye mume akamweka Uzès, mji wa kusini, akabaki huko akimshughulikia mambo yake huku bwana mwenyewe akihangaika na siasa za ikulu. Na siasa zenyewe zilikuwa za damu. Bernard alizushiwa kwamba anatembea na Judith, mke wa Kaisari Louis. Mwaka 834 Lothar, mtoto wa Kaisari, alimkamata Gerberga, dada yake Bernard, akaamuru azamishwe mto Saône kwa madai ya uchawi. Gerberga alikuwa mtawa. Hao ndio mashemeji na mawifi aliowapata Dhuoda.

Kaisari alipofariki mwaka 840, wanawe wakashikana mashati kugombea urithi. Tarehe 25 Juni 841 walipigana Fontenoy. Bernard alikaa pembeni akisubiri aone upepo unavuma kwenda wapi. Charles, mmoja wa wana hao, aliposhinda, Bernard haraka haraka akampeleka kwake mwanawe wa kwanza, William, awe rehani ya utii wake. Kijana wa miaka 14.

Laiti angekuwa huyo peke yake. Miezi mitatu kabla ya vita, tarehe 22 Machi, Dhuoda alikuwa amejifungua mtoto wa pili wa kiume. Kabla hajabatizwa, baba akaagiza aletwe Aquitaine, naye akabebwa na askofu wa Uzès na watu wengine. (Askofu aliitwa Elefantus. Nilipolisoma jina hilo mara ya kwanza nilicheka, kisha nikaona haya.) Mama akabaki. Mtoto alikuwa apewe jina huko huko kwenye ubatizo, kwa hiyo Dhuoda hakujua mwanawe anaitwaje.

William alitimiza miaka 15 tarehe 29 Novemba 841. Tarehe 30, Dhuoda akaanza kumwandikia kitabu. Siku moja tu baadaye! Nimezirudia hizi tarehe mara nyingi nikidhani nimekosea kusoma.

Aliandika kwa Kilatini hadi 2 Februari 843, na afya yake ilikuwa ya kuungaunga. Anamwambia mwanawe asali, asome, awe mwaminifu kwa Charles. Anamwambia amheshimu sana baba yake. Baba yupi? Yule yule! Hapo huwa nagombana naye. Hamsemi Bernard kwa ubaya hata neno moja. Lakini akifika kwenye madeni, ukweli unapenya: amekopa sana, kwa Wakristo na kwa Wayahudi, ili mambo ya mumewe yasikwame. Amelipa alichoweza. Anamwomba William, akifa deni likiwa limebaki, awatafute wadai na kuwalipa. Bibi wa kasri, na bado usingizi unamkimbia kwa mikopo kama mwanakikoba yeyote wa mtaani kwangu.

Najua aliyekujia akilini. Hata mimi nilimfikiria Mwana Kupona, naye mgonjwa, naye akimwachia mtoto maneno. Ila Mwana Kupona anamwita binti yake asogee, aketi na wino na karatasi. Dhuoda hakuwa na wa kumwambia sogea.

Kinachonishika zaidi ni shairi alilolitanguliza mwanzoni mwa kitabu. Ukizifuatisha herufi za mwanzo kwenda chini, unapata ujumbe: Dhuoda anamsalimu mwanawe mpenzi William, soma. Majina mawili yamefumwa ndani ya beti, la mama na la mtoto. La mdogo halimo. Angelitoa wapi? Kila anapomgusia anasema ndugu yako mdogo, ambaye jina lake bado silijui, na anamwomba William amwonyeshe kitabu hiki atakapokuwa ameanza kuongea na kusoma.

Mwaka 844 Charles alimuua Bernard. William akaasi, akauawa Barcelona mwaka 850, kijana wa miaka ishirini na kitu. Yule mdogo, wanahistoria wengi wanaona kwamba ndiye Bernard aliyekuja kutawala Auvergne. Maana yake alipewa jina la baba yake. Naye alipopata mtoto wa kiume akamwita William. Huyo ndiye aliyeanzisha monasteri ya Cluny mwaka 910.

Nani alimwambia habari za kaka yake?

Nimeinuka kufunga mlango nikazikuta kandambili za bafuni hapo hapo kizingitini. Amezisahau. Na ndizo nilizoziandika jina vizuri kuliko vitu vyote. Kesho asubuhi nitapita stendi nimtafute kondakta wa kumpa.