Nilivyozidisha mbegu safi za muhogo kutoka kituo cha utafiti bila kuziingiza virusi

Mbegu za muhogo za kuanzia nilizichukua TARI Kibaha. Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania ina vituo kanda zote, na kwa muhogo aliye Pwani anakwenda Kibaha, wa Kanda ya Ziwa anakwenda Ukiriguru, wa kusini anakwenda Naliendele. Kazi ya vituo hivi ni kuzalisha aina, kuzijaribu katika maeneo tofauti, kisha kutunza mbegu mama zikiwa zimepimwa virusi. Kumfikishia kila mkulima mzigo wa kupanda ekari yake si kazi yao, na hata wangetaka wasingeweza. Punje moja ya mahindi hurudisha mamia ya punje ndani ya miezi minne. Mche mmoja wa muhogo katika shamba la mbegu hutoa pingili (vipande vya shina vya kupandia) 5 hadi 10, tena baada ya karibu mwaka mzima. Ndiyo maana aina iliyoidhinishwa leo inaweza kuchelewa miaka kabla haijafika kijijini, na katikati hapo ndipo tulipo sisi wazalishaji.

Ugumu ni kwamba pingili ni kipande cha mmea mama. Kama mama alikuwa na virusi, na pingili inavyo. Virusi vinavyotusumbua ni vya magonjwa mawili, na yote mawili yalielezwa kwa mara ya kwanza kutoka milima ya Usambara: batobato mwaka 1894, na michirizi ya kahawia mwaka 1936 kupitia mtafiti H. H. Storey wa kituo cha utafiti cha Amani. Wadudu wanaoyaeneza ni walewale, inzi weupe, lakini tabia zake zinatofautiana, na tofauti hiyo ndiyo iliyoniongoza katika karibu kila uamuzi shambani. Inzi mweupe aliyebeba batobato hukaa nayo siku nyingi, kwa hiyo anaweza kuitoa mbali. Michirizi ya kahawia huipoteza upesi, kwa hiyo huipeleka mashamba ya jirani tu. Ukiona michirizi imeruka wilaya nzima, ujue imesafirishwa na watu, ndani ya mizigo ya mbegu.

Maombi ya mbegu niliyapeleka mapema, msimu mmoja kabla. Mashina hayawekwi ghalani kama gunia la mahindi. Kituo hukata kulingana na maombi, na anayefika mvua zimeshaanza hukuta mbegu zimeisha. Wakati huohuo nilijiandikisha kwa TOSCI, Taasisi ya Uthibiti wa Mbegu Tanzania, kama mzalishaji wa mbegu za kuazimiwa ubora, yaani daraja la mbegu ambalo mkulima huzalisha mwenyewe chini ya ukaguzi. Hili lazima litangulie kupanda. Mkaguzi anatakiwa aone mbegu ilitoka wapi (tunza risiti na lebo), aone shamba kabla halijafunga majani, kisha arudi mimea ikiwa imekua. Shamba lililopandwa kimyakimya halithibitishwi likishakomaa, hata likiwa safi namna gani.

Katika kuchagua eneo niliangalia vitu viwili kabla ya rutuba. Kwanza, muhogo wa jirani uko umbali gani, na uko upande gani wa upepo. Pepo za masika kwetu zinatoka kusini, kwa hiyo muhogo mgonjwa ulio kusini ulinitisha kuliko ule ulio kaskazini. Pili, shamba lilipandwa nini mwaka uliopita. Palipokuwa na muhogo, vipande vya mashina na mizizi iliyobaki ardhini huchipua pamoja na mbegu yako, na chipukizi hilo la zamani ndilo huwa la kwanza kuugua. Nikachagua palipokuwa na kunde na mahindi.

Mashina nilikata kwa msumeno mdogo. Panga kali linafaa pia, lakini panga butu hupasua ncha na pingili huoza. Urefu wa pingili ni sentimita 20 hadi 25, zenye macho 5 hadi 7. Sehemu inayofaa ni ya katikati: kilele cha kijani hunyauka kabla ya kuota, na kitako kilichokuwa mti kabisa huchelewa. Kipimo changu ni kuangalia uso wa shina lililokatwa. Kile kiini laini cheupe cha katikati kisizidi nusu ya upana wa shina, na utomvu utoke mara moja. Usipotoka, shina limekauka, litupe. Chombo cha kukatia nilikifuta kwa maji yenye jiki kila nilipohamia fungu jingine, hasa kwa hofu ya mnyauko wa bakteria, unaosafiri kwenye makali ya panga.

Kujua juu na chini ya pingili kunawashinda vibarua wengi. Tazama kovu la jani: jicho hukaa juu yake. Ukipanda kichwa chini, pingili huota, ila huchelewa na mche hudumaa, na baadaye unaweza kudhani ni ugonjwa. Nilipanda mwanzo wa masika, pingili zikiwa zimelala mshazari, theluthi mbili ardhini, nafasi ya mita 1 kwa nusu mita. Ekari inachukua pingili karibu 8,000 kwa nafasi hiyo, mara mbili ya shamba la mihogo ya kula. Kubana hivi kunaongeza idadi ya mashina na kuyafanya yanyooke. Mizizi inakuwa midogo, lakini kwenye shamba la mbegu mizizi ni ziada. Mapengo niliyajaza ndani ya mwezi wa kwanza, kwa pingili za mzigo uleule nilizozisimamisha kivulini. Kuazima pingili kwa jirani ili kuziba mapengo ni kufuta kazi yote ya kituo kwa mchana mmoja.

Baada ya hapo shamba likawa kazi ya kukagua na kung'oa.

Mzunguko wa kwanza wa ukaguzi nilianza mimea ikiwa na majani machache, wiki ya tatu hadi ya nne baada ya kuchipua, kisha kila baada ya wiki mbili hadi mwezi wa nne. Nilipita asubuhi mapema. Sababu ni mbili. Inzi weupe wakiwa na baridi hawaruki ovyo unapogusa mche. Halafu jua kali hufanya jani zima lionekane la njano njano. Jua likishapanda, simama kwa namna ambayo kivuli chako kinaliangukia jani ndipo ulisome.

Batobato husomwa juu, kwenye majani machanga: mabaka ya njano au meupe yaliyochanganyika na kijani, jani limejikunja, upande mmoja mdogo kuliko mwingine. Michirizi ya kahawia husomwa chini, kwenye majani yaliyokomaa: umanjano unaofuata mishipa midogo ya jani, au madoa ya njano yasiyo na mpaka, na jani halijikunji. Mtu anayekagua vilele tu atang'oa batobato yote na kuiacha michirizi yote. Kwenye sehemu changa ya shina unaweza kukuta mistari ya kahawia iliyozama kidogo, lakini aina nyingi hazionyeshi mistari hiyo.

Zipo dalili zinazofanana na hizi zinazopoteza watu. Jani la uzee hugeuka njano lote kwa usawa, kisha linaanguka. La michirizi hubaki na visiwa vya kijani. Utitiri wa kijani huacha vidoti vidogo sana, kama jani limechomwa kwa sindano, na kilele hunyong'onyea. Upungufu wa naitrojeni hupausha shamba kwa mapande, hauchagui mche mmoja katikati ya mimea mizima. Kwa vijana wanaonisaidia niliweka Nuru kwenye simu, programu inayotambua batobato, michirizi na madhara ya utitiri kwa kamera, tena bila intaneti. Inafaa kwa kujifunzia. Kwa uamuzi wa kung'oa sikuitegemea peke yake, kwa sababu dalili hafifu za michirizi humkwepa hata mtu aliyezoea.

Kabla ya kung'oa mche, usome kutoka chini kwenda juu. Batobato iliyokuja ndani ya pingili inaonekana tangu jani la kwanza kabisa: majani yote, chini hadi juu, yana dalili. Batobato iliyoletwa na inzi inaacha majani ya chini yakiwa mazima, halafu ghafla kuanzia jani fulani kwenda juu yote yana mabaka. Habari hiyo nilikuwa naiandika kwenye daftari kwa kila mche unaotoka. Miche mingi ya aina ya kwanza inamaanisha chanzo chako cha mbegu kina tatizo, na kituo kinapaswa kuarifiwa. Mingi ya aina ya pili, hasa ikiwa pembeni upande mmoja, inakuonyesha jirani mwenye shamba gonjwa. Kwangu ilikuwa ya aina ya pili, imejikusanya ukingo wa kusini. Nikazungumza na mwenye shamba, tukakubaliana ang'oe mistari yake ya mpakani, nami nimpe pingili za kurudishia.

Kung'oa maana yake ni mche wote na mizizi yake. Ukikata tu, kisiki kinachipua ndani ya wiki chache na machipukizi hayo ni chakula kizuri cha inzi. Mche nauvika kiroba taratibu kabla ya kuuvuta ili inzi wasitawanyike kwa majirani zake, kisha unatolewa nje ya shamba kukaushwa na kuchomwa. Sikupulizia dawa ya wadudu. Inzi weupe hukaa chini ya majani, huzaliana haraka na hujenga usugu, na dawa hiyo huua pia wadudu wanaowala.

Jambo ambalo vitabu havilisemi kwa mkazo ni kisamvu. Mihogo iliyobanana, yenye majani laini, iko karibu na njia: watu watachuma, na wanachuma vilele, yaani pale pale unapoisomea batobato. Mche uliochumwa unatoa matawi mafupi mengi badala ya shina moja refu, na pingili zake ni nyembamba. Nilipanda mistari miwili ya kisamvu cha mpira (mti wa jamii ya muhogo unaochumwa majani) upande wa njia na kuwaambia akina mama wachume hapo. Ugomvi ukaisha.

Michirizi ilitakiwa imalizwe kabla ya kiangazi. Kuanzia Julai majani ya chini huanguka, na pamoja nayo unapoteza ushahidi. Kwa hiyo mizunguko ya Mei na Juni niliifanya polepole kuliko yote, nikiinama kila mche. Karibu na mavuno nikafanya ukaguzi wa mizizi, kwa sababu zipo aina zinazovumilia michirizi, Kiroba ikiwa mojawapo, ambazo majani yanaweza kudanganya. Unachimba mimea michache kwa kupita shamba kimshazari, unakata kila mzizi vipande vipande kama vya kuchemsha, na kuangalia nyama yake. Doa kavu la kahawia, gumu kama kizibo, ndilo michirizi. Kuoza kwa maji maji na harufu ni jambo jingine, mara nyingi ni ardhi kutuama maji.

Mashina niliyakata Februari, yakiwa na miezi 11, wanunuzi wakiwa wanaandaa mashamba. Niliacha visiki vya sentimita 25 vichipue, maana machipukizi mapya huonyesha dalili waziwazi kuliko mmea mzee. Hivyo msimu wa pili unaanza na ukaguzi mwingine wa bure. Nafunga mashina 50 ya mita moja moja. Kila shina hutoa pingili 3 hadi 4 baada ya kupunguza ncha, kwa hiyo mwenye ekari moja ya nafasi ya mita kwa mita, inayotaka pingili 4,000, namhesabia mafungu 20 hadi 27. Mafungu husimama wima chini ya mti, vitako vikigusa udongo wenye unyevu, macho yakitazama juu, na lebo ya TOSCI ikiwa imefungwa juu ambapo mchwa hawaifikii. Kwa mnunuzi wa mbali sikati pingili kabla. Shina refu linavumilia safari na kungoja mvua kwa wiki kadhaa, lakini pingili iliyokatwa hukauka kutoka ncha zote mbili, na baada ya siku chache kwenye jua nusu yake haioti.